Jina Lako Ndani ya Simu Yangu

Trésor mwanangu,

Umeenda Kafutuma kuwaaga wenzako wa kwaya, na mama yako ameniambia hutarudi kabla ya jua kushuka. Nimeishika nafasi hiyo. Nimekaa juu ya kreti la samaki nyuma ya nyumba, daftari lako la zamani la jiografia likiwa gotini, kwa sababu tukikaa uso kwa uso nitaanza kukohoa na kuzungumzia mizigo. Kesho saa kumi na mbili asubuhi utapanda basi la Mansa, halafu Lusaka, halafu ndege ya Ubelgiji. Habari za koti, za dawa na za kuficha pesa ndani ya soksi umeshaambiwa na mama yako mara tatu. Mimi hapo sina la kuongeza.

Nina jambo moja tu, na naliandika kabla mkono haujageuza nia. Ile ada yako ya chuo cha Mansa iliyopotea kwenye simu miaka miwili iliyopita, hukuicheza wewe. Niliicheza mimi. Ile akaunti ya kubeti yenye jina lako niliifungua mimi. Siku waliyokusimamisha mbele ya kanisa na kukuvua uongozi wa kwaya, nilikuwa benchi la pili, nimevaa shati ulilonipigia pasi wewe mwenyewe asubuhi ile, na nikanyamaza.

Sasa umeshajua. Vuta pumzi, halafu soma na mengine.

Ilianza mwezi wa Desemba, ziwa letu la Mweru lilipofungwa. Desemba za hapa unazijua: serikali inakataza kuvua mpaka Machi ili samaki wazae, mitumbwi inapinduliwa mchangani, na Kashikishi nzima inabaki na wanaume waliokaa wakitazama maji. Wengine huvuka kimyakimya kwenda upande wa Congo, ambako ziwa ni lile lile lakini sheria ni ya watu wengine. Mimi sikuweza kuvuka. Mtu aliyeandika kwenye fomu ya ukimbizi kwamba alikimbia upande ule, hawezi kuonekana akitupa wavu upande ule. Nikabaki kushona nyavu za Ba Chanda, mwenye mtumbwi niliokuwa nikifanyia kazi, na nyavu zikaisha kabla ya Krismasi.

Ba Chanda ndiye aliyenionyesha. "Bashi Trésor, weye unajua mupira sana," aliniambia, akiniita baba yako kwa Kibemba na mengine kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Sasa unaikala bure na akili yote hiyo? Mukwai, ona hapa." Akanisogezea simu. Palikuwa na mechi za Ulaya, namba pembeni ya kila timu, na chini kabisa, kwa herufi ndogo kama chisense, vile vidagaa vyetu, maneno kwamba kampuni hiyo ina leseni ya Ulaya.

Neno hilo ndilo lililoniangusha. Mvuvi akisikia leseni, anamwona ofisa akishuka ufukoni na kipimo chake, anapima jicho la wavu, na likiwa dogo kuliko sheria, wavu unachomwa palepale mbele ya mwenyewe. Nimeona nyavu zikichomwa, nimeona wanaume wenye ndevu wakilia. Kwa hiyo nikasema moyoni: wazungu wameshaupima wavu huu. Kama ungekuwa wa kubeba mpaka vifaranga, wangeuchoma. Nilicheza kwa amani kabisa, Trésor. Hata sala ya asubuhi nilisali vizuri.

Nikashinda. Usisahau hilo, maana watu wanaokataza kubeti husahau kulisema. Nilimletea mama yako kitenge, wewe nikakuletea viatu, na mlinishukuru mezani kwa namna ambayo hamkuwahi kunishukuru kwa samaki. Miezi mitatu nilikuwa mwanaume asiye na ziwa, na jioni moja nikawa baba tena. Nadhani kilichonila ni ile jioni kuliko pesa yenyewe. Baadaye nilipoanza kupoteza, nilikuwa nikiitafuta jioni hiyo.

Mama yako aligundua mara ya kwanza Machi, tukagombana mpaka majirani wakaja, na nikaapa juu ya Biblia ya babu yako. Mbele yake nikabonyeza pale pa kufunga akaunti, kampuni ikaandika kwamba jina langu limefungwa miezi sita. Nililala vizuri siku mbili. Wiki ya tatu nilichukua kadi yako ya ukimbizi kwenye bahasha ya vyeti, nikaipiga picha juu ya meza, nikafungua akaunti nyingine. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Wewe ulikuwa chumba cha pili, unasoma kwa sauti habari za mito ya Afrika.

Yaliyofuata unayajua kwa upande wako, ngoja nikuambie upande wangu. Pesa yako, ile mama yako aliyoichanga kwa kuuza chisense kikopo kwa kikopo, ilikuwa kwenye simu yangu kwa sababu mimi ni baba na baba anaaminiwa. Ilikwisha kwa wiki mbili. Halafu ujumbe ukaingia simu ikiwa mkononi mwa mama yako: Trésor, tumekukumbuka, rudi ucheze. Alikuzaba kofi kabla hajakuuliza. Ulisema mara moja tu, "Mama, haiko miye." Halafu ukaniangalia.

Niliangalia chini. Nikachukua jembe, nikaenda shambani, na shambani hapakuwa na kazi.

Wazee wa kanisa walifanya walichofanya. Mama yako akakupeleka Chienge kwa mjomba wako ukabebe magunia ya samaki mwaka mzima "upate akili". Na siku yako ya kuzaliwa, ukiwa huko Chienge, kampuni ilikutumia zawadi. Ilikuandikia kwa jina, ikakupongeza, ikakupa mchezo mmoja wa bure. Niliucheza, mwanangu. Niliucheza nimesimama karibu na choo, na mchezo ulipopotea nilikulaumu wewe kwamba una bahati mbaya. Ndivyo akili inavyokuwa.

Sasa nikuambie kwa nini naandika leo na si mwaka jana. Ulipopata ile bourse ya kusomea Ubelgiji, lile kundi letu la familia kwenye simu lilichangamka, unakumbuka. Kila mtu aliyepelekwa Ulaya akawa profesa. Nikarusha swali kijanja, kwamba nasikia vijana huko wanabeti sana, je, sheria inasemaje? Nilitaka kujua habari za leseni yangu. Tantine yako Béa, dada yangu anayefagia kwenye ukumbi wa kubeti kule Ubelgiji, akajibu kwa ujumbe wa sauti, akiniita yaya, kaka, kama kawaida yake, na nyuma yake nikasikia ndoo.

"Yaya, huku Ulaya haiko inchi moja. Kila inchi iko na sheria yake. Huku kwetu, kama haujafika myaka makumi mbili na moja, hauingie. Ku mulango banakamata carte yako, ordinateur, ile mashine, inauliza jina. Jina yako ikiwa mu liste, unarudia kwako. Publicité, ile matangazo, banaikataza karibu yote. Na cadeau ya bure, ile ya kuvuta batu, nayo banaikataza."

Nilisikiliza maneno hayo ya zawadi mara nne.

Na wengine wakaongeza. Binamu yako wa Ujerumani akasema kwake kuna kikomo cha mwezi kwa tovuti zote kwa pamoja. Ukikifikia kwenye moja, nyingine nazo zinakufungia mlango. Yule shemasi wetu wa zamani aliyeko Norway akasema kule serikali imejiwekea mchezo huo mkononi mwake, na benki zinakatazwa kupitisha pesa za kampuni za nje. Mwingine akasema Italia wamepiga marufuku matangazo. Halafu wakaanza kubishana, kwa sababu kumbe kuna kisiwa kidogo huko kusini kinachogawa leseni kwa kampuni nyingi mno, na kampuni zikishapata karatasi ya kisiwa zinaingia kwenye simu za watu wa nchi nyingine. Korti za Ujerumani na Austria zimesema mara kwa mara kwamba wachezaji warudishiwe walichopoteza kwa kampuni zisizo na ruhusa ya kule. Kisiwa nacho kikatunga sheria yake, kwamba korti zake zisiziitikie hukumu kama hizo. Shemasi alikasirika mpaka akaandika kwa herufi kubwa. Mimi sikushangaa hata kidogo. Mtu wa Mweru ataeleweshwa nini kuhusu maji mamoja na sheria mbili?

Nilichoshangaa ni kitu kingine. Nilimwandikia Béa pembeni, nikamwuliza jina la kampuni iliyo kwenye ukumbi anaofagia. Akanitumia picha ya mlango. Rangi zile zile, Trésor. Alama ile ile iliyo kwenye simu yangu. Kule inamwomba mtu kitambulisho mlangoni na inakatazwa kumpa hata mchezo mmoja wa bure. Huku ilinitafuta mpaka chooni kwa jina la mwanangu. Wavu uliopimwa macho uko kule kwao, na huku wametuletea chandarua.

Niliumia kuliko siku nilipopoteza ada. Kupoteza ni kupoteza, lakini hili lilikuwa kujua kwamba walijua. Waliweza kunizuia, wanazuia watu kila siku, wanayo mashine ya kuzuia. Waliniangalia nikizama na kamba wameiacha kwao kwa sababu kwangu hakuna aliyewalazimisha kuibeba. Nilitukana kwa Kibemba, kwa Kifaransa na kwa lugha ya mama yangu. Niliwachukia wiki nzima, na wiki hiyo ilikuwa tamu, maana mtu akiwa na wa kumchukia hajiangalii.

Béa ndiye aliyeniharibia utamu huo. Alinitumia kisa kingine, hata sijui kwa nini, labda alikuwa amekaa peke yake wakati wa mapumziko. Mzee mmoja alikuja ukumbini kama kawaida yake, akatoa kadi, mashine ikakataa. Akapiga kelele, "Nani amenitaja?" Kumbe kule mtu wa familia anaweza kupeleka ombi kwa wakubwa wa michezo hiyo, wakilikubali, jina la mzee linaingia kwenye orodha. Aliyemtaja alikuwa ni binti yake. "Yaya, wazia kidogo," alisema Béa, "huku mutoto anaweza kumufunga papa yake. Ule muzee alilia pale ku mulango, mi nilikuwa naye na ndoo yangu, sikujua niangalie wapi."

Nilikaa na hadithi hiyo siku kadhaa. Yule binti alipita hadharani na jina la baba yake, akalitoa mchezoni. Mimi nilipita kwa siri na jina la mwanangu, nikaliingiza. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na kwenye nguo zako, Trésor, nilikuwa mimi.

Wewe mwenyewe usidhani sheria za kule zitakuwa shangazi yako. Una miaka ishirini, mwaka mmoja bado mlango wao umefungwa kwako, halafu utafunguka. Na simu haina mlango. Kile kisiwa kinaingia popote. Sikuombi uape, nimeshaonyesha thamani ya viapo vya ukoo wetu. Nakuomba ujue tu Desemba yako itakuwa lini. Kila mtu ana miezi ambayo ziwa lake limefungwa, hana kazi inayomfanya ajione mtu, na anayemjia wakati huo akimsifu akili atapata chochote anachotaka. Kwangu alikuja na mpira. Kwako sijui atakuja na nini. Huenda hata asiwe kampuni.

Leo mchana, ulipotoka tu, nilimwita mama yako. Alikuwa akianika mihogo. Nikamwambia yote niliyokuandikia hapa, na nilikuwa nimejitayarisha kwa kilio, kwa sufuria kurushwa, hata kwa yeye kufunga virago vyake. Hakuacha hata kupanga mihogo.

"Baba Trésor," alisema, "byote ile nilijua."

Nikamwuliza tangu lini.

"Tangu nilienda kumuona ku Chienge. Nilimuuliza tena, nikalia, akanielezea. Aliona mu simu yako kabla ya miye kuona. Akasema, 'Mama, papa akijua tunajua, haya itamuua. Tumuache tu.' Njo nikakuacha."

Tumuache tu.

Trésor, nitakuandikia ukweli wa moyo wangu hata kama ni aibu. Sikusikia shukrani. Nilisikia hasira. Zaidi ya mwaka nimekula ugali mbele ya watu wawili wanaonijua, nikipiga mdomo mezani kuhusu uaminifu, nikikushauri wewe, ndiyo wewe, kuhusu tamaa, na ninyi mkipitishiana mboga. Mlikuwa mkiniangalia kama mgonjwa asiyeambiwa ugonjwa wake. Nilijiona nimesalitiwa ndani ya nyumba yangu. Najua sina haki hiyo. Nani aliyeanza? Lakini moyo hauulizi nani alianza, na wangu ulisema hivyo, nami nauandika.

Nikamwambia mama yako kwa ukali, "Mungenisema!" Akainua macho kwa mara ya kwanza. "Weye ungekubali?" akauliza. Swali hilo nimelibeba mchana mzima mpaka hapa kwenye kreti. Na hili nimeliona: ule ukimya wenu, mliodhani ni blanketi la kunifunika, ndio ulikuwa mahali pangu pa kuchezea. Niliamini hakuna anayejua, kwa hiyo niliendelea. Ndiyo, niliendelea. Niliendelea baada ya ada, baada ya Chienge, baada ya bourse. Mara ya mwisho ni Jumanne hii, wewe ulipokuwa ukijaribu koti mbele ya dirisha na mama yako akicheka.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Siku zote nilidhani methali hiyo inamhusu mgonjwa peke yake. Wewe umebeba kosa langu mabegani pamoja na magunia ya mjomba wako, ukiwa na umri wa kucheza mpira, na nitakuheshimu kwa hilo mpaka nife. Lakini usimfanyie mtu mwingine hivyo. Ukiwa na mke, na rafiki, na mtoto siku moja, ukamwona anazama, usimhurumie kwa kunyamaza. Mtaje jina. Akukasirikie, alie mlangoni mbele ya mfagiaji, lakini umtaje.

Jumapili nitasimama kanisani na kusema nani alicheza. Nimeshamwambia mzee wa kanisa kwamba nina neno, hajui ni neno gani. Hutakuwepo, na ni bora, kwa sababu ungetafuta njia ya kunipunguzia. Mama yako atakuwepo. Nimemwomba akae benchi la mbele asiniangalie kwa upole.

Limebaki moja, na hilo ndilo hasa lililonifanya nichukue kalamu. Baada ya kuongea na mama yako nilijaribu kuifunga ile akaunti ya jina lako. Kampuni imenijibu haraka, kwa adabu sana. Wanasema mwenye jina apige picha ya uso wake, ameshika kadi yake karibu na shavu, ndipo watafunga. Kuifungua hawakutaka uso wako. Kuifunga wanautaka. Kesho saa kumi na mbili uso huo unaondoka, na kadi inaondoka nao.

Kwa hiyo asubuhi, kabla ya kunikumbatia, toa kadi yako. Simama mlangoni penye mwanga, mama yako awepo. Simu nitaishika mimi mwenyewe. Usitabasamu, usiniangalie kama ulivyoniangalia siku ile ya kofi ukaniacha niende shambani. Niangalie mpaka picha itoke. Najua utataka kusema hakuna haraka, papa, basi litatuacha, tutaifunga nikifika. Usiseme hivyo. Ukipanda basi bila kuifunga, utakuwa umeniachia jina lako ndani ya simu hii, na mimi najijua, Trésor. Nitalitumia.

Baba yako